Mpangaji wa Chumba cha Kona

Msusi alipotangaza kwamba anataka kununua nyumba ya kupangisha, kaka yake alijipa udalali bila kuombwa. Akampeleka kwenye nyumba ya vigae, yenye geti jekundu na rangi iliyokuwa bado inanuka. "Hii usijiulize mara mbili, dada'ngu. Lipa, tulia, kodi iingie."

Lakini msusi ana kichwa kigumu kuliko vyote anavyosuka. Alipanga chumba humo kimyakimya kama mpangaji yeyote, akahamia na godoro na jiko. Bomba lilikohoa upepo mchana kutwa. Kuta zilikuwa nyembamba hivi kwamba chafya ya jirani ilimwamsha, na wapangaji walihama kabla hajajua wanaitwaje. Akafunga virago.

Akapanga tena, safari hii kwenye nyumba kuukuu ya bati lenye kutu, chumba cha kona. Huko alipokewa na Mama Kelele, fundi cherehani wa chumba cha mbele, aliyeishi hapo tangu akiwa bibi harusi. Jumamosi ya kwanza tu Mama Kelele alimpa vidonge vyake: "We mgeni, zamu ya choo ni yako! Hapa hatuna malkia."

Msusi alisugua huku akitabasamu. Watu wanaogombania usafi wa nyumba, aliwaza, hawana mpango wa kuhama. Akainunua. Kaka yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Umenunua kutu!"

Basi habari za kuuzwa kwa nyumba zikamtangulia mnunuzi mwenyewe. Wapangaji wanawajua wenye nyumba wapya: wakifika, kodi inapanda au unatimuliwa. Jumamosi asubuhi msusi alitoka chumbani akakuta uani pamejaa magodoro yaliyokunjwa na masufuria ndani ya mabeseni. Roho ikawa juu. Wakiondoka hawa atabaki na kuta tupu, na miaka yote aliyosimama nyuma ya vichwa vya watu itakuwa imekwenda na maji.

"Huyo mwenye nyumba akija atatukuta mlangoni," alisema Mama Kelele, akikaza kamba kwenye mzigo wake.

"Ameshakuja," msusi akasema. "Ni mimi."

Mtu akaangusha sufuria.

"Wewe?" Mama Kelele alitoa macho. "Wewe niliyekusugulisha choo?"

"Mimi, mama. Kodi sipandishi mwaka huu. Bafu halina komeo, tunaoga huku tumeuzuia mlango kwa mguu. Fundi yuko njiani. Na bati lako linavujia cherehani, nakuona unavyoihamisha mvua ikianza. Nimemwambia aanzie kwako."

Mama Kelele alimkagua kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kama anayempima gauni. Kisha akainama, akaanza kulegeza kamba. Wengine walipoona hivyo, nao wakabeba magodoro yao kuyarudisha ndani, na msusi akalia pale pale uani bila kuona aibu.

Mchana kaka yake alifika. Alikuwa amesikia kwamba watu wanahama, akaja na uso wa pole alioutengeneza njiani. Akakuta nguo zimeanikwa kamba nzima, fundi yuko juu ya paa anagongelea bati jipya, na cherehani inanguruma.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza.

"Chooni," Mama Kelele alijibu, macho kwenye sindano. "Leo zamu yake."