Na Mvua Ikinyesha

Enzi zetu, wenzangu mliobaki na ambao magoti yenu yanalia kama yangu, si masomo yote tuliyaandika. Mengine tuliyakimbia.

Shule yetu pale Samuye ilikuwa ya udongo na nyasi, na sakafu yake sisi wasichana tuliisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe kila Ijumaa. Miaka ile ya hamsini chaki ilikuwa adimu kama sukari. Asubuhi tulifika na umande hadi mapajani, kila mtu na matobolwa yake kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani. Masanja alikuwa akimaliza ya kwake kabla ya kengele, halafu siku nzima anatazama ya wenzake. Watoto wa leo wakikosa chipsi mchana mmoja, nyumba nzima hailali.

Mwalimu wetu wa darasa la nne aliitwa Paulo. Alikuwa kijana mwembamba, kaptula ya kaki yenye kiraka nyuma, na sauti ya chini iliyotufanya tunyamaze ili tumsikie. Alitutoa nje, akachora mstari mrefu vumbini kwa mpini wa jembe.

"Kulia ni kweli," akasema. "Kushoto si kweli. Juu ya mstari hasimami mtu."

Kisha akaanza. Mtama ni mrefu kuliko karanga? Tukakimbilia kulia. Mbuzi ni mzito kuliko ng'ombe? Kushoto, vumbi hadi puani. Tukaona ni mchezo wa watoto, mpaka alipowasimamisha mapacha wetu, Kulwa na Dotto, mgongo kwa mgongo. Kulwa ni mrefu kuliko Dotto? Wengi tukaenda kushoto. Basi, Dotto ni mrefu kuliko Kulwa? Tukatimka wote kwenda kulia kwa kelele.

"Miguu isitangulie kichwa!" akasema mwalimu. "Tazameni tena."

Tukatazama. Vichwa vilikuwa sawasawa. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza asiwe mkubwa kuliko mwenzake, na bado asiwe mdogo kuliko yeye.

Baadaye akatuletea maneno mawili madogo. "Leo ni Jumatatu na Masanja ameoga," akasema. Ilikuwa Jumatatu kweli, lakini shingo ya Masanja ilijieleza yenyewe. Tukaenda kushoto tukicheka, na Masanja mwenyewe akatufuata. "Leo ni Jumatatu au Masanja ameoga." Hapo tukarudi kulia, maana upande mmoja ulitosha. Penye "na", alisema mwalimu, pande zote mbili lazima zisimame. Penye "au", mmoja ukisimama unambeba mwenzake.

Nyumbani nilimfundisha baba. Hakuwa amekanyaga shule, lakini alipenda maneno. Wakati wa mavuno tulikaa naye uani, ndani ya ua wa minyaa, tukichambua pamba: nyeupe safi huku, fifi yenye madoa kule. Mikono ikifanya kazi, yeye ananitupia swali.

"Limi, ng'ombe wamerudi na mama yako amepika?"

"Si kweli, baba. Ng'ombe wamerudi, lakini mama yuko kisimani."

"Nhana gete!" Kweli kabisa. Akacheka hadi pengo lake la mbele likaonekana.

Nilipokaribia mtihani wa kuingia darasa la tano katika shule ya kati ya masista kule upande wa Ushirombo, nilimwuliza kama nitakwenda. Ilihitajika ada, blanketi, sanduku, na nauli. Baba aligeuzageuza pamba mkononi.

"Ukifaulu na mvua ikinyesha, utakwenda."

Nikafaulu. Mvua ndiyo haikuja. Mawingu yalijikusanya upande wa ziwani kila alasiri, yakatutazama, yakapita. Pamba ilikauka ikiwa fupi kama mchicha. Ng'ombe wawili walilala hawakuinuka tena.

Mwalimu Paulo alikuja na baiskeli yake adhuhuri moja. Mama alimletea maziwa ya mgando, akarudi jikoni kutwanga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngozi, naangalia vidole vya miguu yangu.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Limi amefaulu. Wasichana wa hapa waliofaulu ni wachache sana. Nimekuja kukuomba umruhusu."

"Wabeja, mwalimu. Asante kwa kumfundisha." "Na yeye amenifundisha mimi. Penye 'na', pande zote mbili zisimame. Amefaulu, kweli. Je, mvua imenyesha?"

Mwalimu akatazama shambani.

"Nakuuliza wewe, mwalimu."

"Si kweli, baba," akasema taratibu. "Lakini maneno tunaweza kuyabadilisha."

"Maneno tunaweza. Shamba hatuwezi."

Mchi ukanyamaza jikoni. Mama akasema kwa sauti, bila kutoka nje, "Baba Limi, mtoto ana kosa gani kwenye mvua?"

 Baba aligeuza uso kuelekea zizini. Mwalimu aliinuka. Maziwa hakuyagusa. Aliisukuma ile baiskeli kwa mkono hadi akapotea njiani, ingawa njia ilikuwa kavu na tambarare.

Sikulia siku hiyo. Baba angekuwa mkatili, ningepata mahali pa kuweka hasira yangu. Lakini hesabu ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeileta nyumbani. Ule uchovu ulionishika nikiwa pale kwenye ngozi sijawahi kuusimulia vizuri. Kiasi chake ninacho hadi leo.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha hadi vyura wakaingia ndani. Nafasi yangu ilikuwa imekwisha kwenda kwa mwingine, na mahari yangu ilikuwa inazungumzwa Masumbwe. Tulikuwa uani tunachambua pamba, nyeupe tupu mwaka huo, baba aliposema bila kuinua macho, "Siku ile ningesema 'au'."

"Ndiyo, baba."

Tukaendelea kuchambua.

Siku hizi mjukuu wangu Neema anafundisha vijana kompyuta pale Shinyanga mjini, wale wanaoanza kabisa. Anasema mashine ile haijui kingine ila kweli na si kweli, kubwa kuliko, ndogo kuliko, sawa. Nilikwenda kumtazama nikaketi nyuma. Vijana wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, feni juu ya vichwa vyao, na bado wanalalamika kwamba somo linachosha. Mmoja alijibiwa na mashine yake kwamba si kweli. Akapiga miayo, akabonyeza tena, mashine ikamkatalia tena, wala hakuna aliyeona haya.

Labda ndivyo inavyofaa, sijui. Enzi zetu "si kweli" ilitoka kinywani mwa mtu anayekupenda, naye alilazimika kuendelea kula nawe sahani moja.