Vidole vya Mpishi wa Sukari

Baba yangu alikuwa mpishi wa sukari katika kiwanda kimoja cha kisiwa cha Nosy Be, Madagaska. Alisimama mbele ya tangi la kuchemshia shira, akachota tone, akalivuta kati ya kidole gumba na cha shahada. Uzi ukikatika upesi, aliongeza mvuke; ukinyooka na punje zikamkwaruza, alipunguza. Mwishoni mwa miaka ya sabini, Wangazija wengi walipokimbia mauaji ya Mahajanga na jamaa zetu wakapitia kwetu na mabunda yao, yeye hakwenda popote. "Shira haiachwi motoni," alimwambia mama.

Mimi, bintiye wa pekee, nilisomea ufundi wa vipimo Mahajanga, nikaajiriwa huko na karakana iliyofunga mitambo viwandani. Miaka ya tisini tukapewa kazi katika kiwanda cha baba: kufunga kompyuta ya kuendesha tangi. Vipimo vingesoma joto na uzito wa shira, na kompyuta ingefungua na kufunga vali ya mvuke yenyewe. Lakini ilibidi ifundishwe, na walimu walikuwa wapishi tu. Nikavuka kwa boti kutoka bandari ya Ankify na daftari langu.

"Uzi ukiwa mfupi unafanya nini, baba?"

"Nafungua mvuke kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akacheka. "Kama unavyomfungulia mlango mgeni usiyemtaka."

Nikaandika: robo ya mzunguko.

Wiki ya pili nikalinganisha kumbukumbu za wapishi na vipimo vyangu. Wenzake walikwenda sawa na vipimo. Baba alichelewa kufunga mvuke, kila mpiko. Nikadhani kosa ni langu. Nikasafisha vipimo, nikavirekebisha upya. Akachelewa vilevile. Asubuhi moja nikaona gumba lake limevimba lengelenge la moto, naye hana habari. Nikamshika mkono, nikamgandamiza ncha ya kidole kwa kalamu. Alikuwa akitazama dirishani. Hakushtuka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akautia mkono mfukoni. "Huu msimu wa tatu. Daktari anasema kisukari. Nasikiliza tangi tu. Shira ikiiva hubadili sauti."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Meneja alitaka kumbukumbu za kila mpishi. Nikamwambia baba naweza kuziondoa zake, nitasema karatasi zimelowa.

"Usidanganye, mwanangu," alisema. "Andika kilichopo."

Nikaandika. Meneja alikuwa mtu mpole. Alisoma, kisha akasema mzee amechoka, apumzike. Baba akastaafishwa kabla msimu haujaisha. Msimu uliofuata mashine ilipika vizuri, na wapishi wenzake nao wakaachishwa mmojammoja. Hilo sikuwa nimewaambia nilipokuwa nikiwauliza maswali. Labda hata mimi mwenyewe sikutaka kulijua.

Mama alikuwa ameshafariki, nikamchukua baba Mahajanga. Hakunilaumu hata mara moja. Ningeona nafuu angenilaumu.

Baada ya misimu michache kompyuta ikaungua, na kipuri hakikupatikana. Kiwanda kikanipigia simu: mzee anaweza kuja? Baba alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa bendeji. Nikamweleza. Alivitazama vidole vyake, akavisugua.

"Waambie wamwite mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Mmoja alishakufa, mmoja aliendesha boti ya watalii ufukweni Ambatoloaka na hakutaka kusikia habari za kiwanda. Hakuna kijana aliyefundishwa, maana mashine ilikuwepo. Msimu ule sukari nyingi iliharibika, na miaka kadhaa baadaye kiwanda kikafungwa. Watu wanasema sababu ni nyingi, na nawaamini.

Baba sikumwambia. Wakati huo alikuwa ameshakatwa mguu, na hakutoka tena nyumbani. Kila mwaka miwa ilipokomaa aliniuliza, "Wameanza kusaga?"

"Wameanza, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho. Nilimjibu hivyo miaka miwili, mpaka alipofariki.