Upepo wa Lushoto, Tairi la Mombo

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko nyingi nilizozipoteza barabarani: siku ambayo mjomba wangu Elia nusura avunje harusi ya binti yake kwa sababu ya upepo wa tairi. Usicheke bado. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya pikapu na shati la kuazima, na mpaka leo nikisimulia naona kama natunga.

Mjomba aliishi juu ya mji wa Lushoto, kule ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni. Alikuwa na pikapu ya kubebea kabichi na karoti, na kama watu wengi wa rika lake huko kwetu Shambaai, milimani, hakuiamini nyika. Nyika ni huko chini, Mombo na kuendelea, kwenye joto na mbu. Wazee wetu walikuwa wakishuka huko wanarudi wanatetemeka, basi kila kitu cha nyika kikahesabiwa kuwa na homa: maji yake, vivuli vyake, hata usingizi wa mchana wa huko.

Mjomba aliongeza la kwake. Alisema hata upepo wa huko haufai kwenye tairi. Matairi yake yalijazwa nyumbani tu, alfajiri, kwa pampu ya mguu, hewa ikiwa bado ya baridi. "Upepo wa nyika umechoka," alikuwa akituambia. "Ukiujaza, gari halipandi mlima." Hakuna aliyembishia. Gari lilikuwa lake, na sisi wengine tulikuwa hatuna hata baiskeli.

Basi dada Naomi, binti yake wa kwanza, akapata mchumba. Kijana mpole, Mlutheri kama sisi, jina lake Yona. Ila alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Korogwe, nyika tupu. Mjomba alipokea posa na kukubali mbele ya wazee wote, lakini tangu siku hiyo sikumsikia akilitaja jina la mkwe wake. Alimwita "yule wa huko chini."

Siku ya ndoa tuliondoka mapema kushuka kanisani, kule kwa kina Yona. Mbele walikaa Mjomba, bibi yangu ambaye ndiye mama yake, na Naomi katikati yao na gauni lake jeupe. Sisi wengine tulikuwa nyuma, tunaimba. Tulipopita Soni na kuanza zile kona za kushuka, nikahisi gari linavuta upande mmoja. Tulipofika Mombo tairi la nyuma lilikuwa limekaa kama chapati.

Tukasimama jirani kabisa na fundi wa pancha, kijana aitwaye Bakari. Kompresa yake ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tairi lako linaomba upepo. Ni vali tu inavuja, naona. Nikaze, nijaze, mwende zenu."

"Kaza vali. Upepo wako baki nao."

"Una nini upepo wangu?"

"Una homa."

Bakari akanitazama mimi, kama anayeuliza mzee huyu ameamkaje. Kisha akasema, "Basi mzee, tutaufungia chandarua."

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alishusha tairi la akiba, lililojazwa nyumbani lakini limelika hata halifai kufungwa, akaomba mpira wa kuunganisha vali kwa vali, na mbele ya macho yetu akaanza kuuhamisha upepo wa Lushoto kutoka tairi moja kwenda lingine. Ulihama kidogo, ukagoma. Lile la gari likanyanyuka nusu, la akiba likalegea nusu.

"Hongera mzee," Bakari akasema. "Ulikuwa na tairi moja lenye njaa, sasa unayo mawili."

Sisi nyuma tulikuwa tumeacha kuimba. Mchungaji alikuwa na ndoa nyingine ya kufungisha mchana huo, mbali. Tukichelewa ingebidi iahirishwe, na upande wa bwana harusi ungesema, kwa haki kabisa, kwamba baba wa bibi harusi hakutaka. Bakari, nadhani kwa huruma, akakaza vali, akachomeka mpira wa kompresa na kulijaza lile tairi haraka, Mjomba akiwa amegeuka kulirudisha la akiba kwenye pikapu.

Mjomba alipogeuka na kuona, aliinama, akaokota kijiti, akaibonyeza vali. Upepo ukatoka wote kwa mlio mrefu. Mwanangu, niliduwaa. Nimeona mengi tangu siku hiyo, lakini sijaona mtu mzima akimwaga hewa kwa hasira mbele ya bibi harusi.

Mlango wa mbele ukafunguka. Bibi akajisogeza, Naomi akashuka.

"Rudi ndani," Mjomba akasema. "Gauni linachafuka."

"Baba, hewa hii haifai hata kwa tairi?"

"Naomi, nimesema rudi."

"Mimi kesho naamkia huku. Nitaivuta usiku na mchana. Watoto wangu watazaliwa ndani yake. Kama ina homa, mbona ulipokea posa? Na kama haina, mbona unaimwaga?"

Kwetu bibi harusi siku hiyo huinamisha macho, hata maji huombewa na mwingine. Hakuna aliyewahi kusikia binti akimuuliza baba yake hivyo, tena barabarani. Bakari alizima kompresa. Bibi akatoa kichwa dirishani na kusema taratibu, "Elia. Mtoto amekuuliza."

Mjomba alisimama na sweta la sufu alilolivaa tangu Lushoto, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nilitegemea afoke. Akasema, "Naogopa."

Akaongeza: "Dada yangu nilimshusha mimi huku, kuolewa. Tukampandisha amefunikwa shuka. Mama hapa anajua."

Bibi alifumba macho. Mimi sikuwahi kuambiwa kwamba mama yangu alikuwa na dada mwingine. Miaka yote tulikuwa tunamcheka Mjomba na pampu yake, kumbe tulikuwa tunacheka msiba.

Naomi akamshika mkono. "Basi njoo uniangalie, baba. Njoo mara kwa mara. Nikiumwa, nitakuita. Ila leo nifikishe."

Mjomba akavua sweta, akampa Bibi dirishani. Akamwambia Bakari, "Jaza, mwanangu."

"Na ile homa, mzee?"

"Jaza, na chandarua chako ufunge."

Tulimkuta mchungaji yuko mlangoni mwa kanisa, Biblia kwapani, anatazama barabara. Mjomba alimshika binti yake mkono mpaka mbele, na hapo ndipo nilipomsikia akisema, "Yona, huyu hapa."

Mwanangu, tangu wakati huo nimezunguka. Nimejaza matairi Singida kwenye vumbi, Tunduma kwenye foleni, Mtwara kwenye joto la kukausha samaki, na upepo wa kila mahali umenifikisha. Lakini sikuandikii kuhusu matairi. Sasa unapoondoka nyumbani, nakuambia hivi: hofu yako itaje mapema, kwa maneno yake, kwa mtu anayehusika. Ukiificha, itatoka kwa sura ya dharau, na unayempenda ndiye atakayedharauliwa. Ukishakubali jambo mbele ya watu, likubali na moyoni. Na ukiona mzee ana kituko, cheka ukitaka, halafu muulize kilianzia wapi. Sisi hatukuuliza.

Nenda basi. Utakapofika, Mungu akukutanishe na watu wa kukufungulia mlango, akupe usingizi mzuri kwenye kitanda kigeni, na waliobaki nyumbani wakikutaja, wakutaje kwa jina lako.