Kadi Niliyoitukana Kasulu

Nina hasira za karibu na sijawahi kuzionea haya. Mke wangu husema mimi huanza kugomba kabla sijajua nagombea nini. Safari ile nilijua, au nilidhani najua. Kompyuta yangu ilikuwa inazimika hovyo, na aliyeniponza ni mwenye duka mmoja wa Kasulu.

Nafundisha sekondari hapa Kibondo, nimeletwa kutoka Morogoro, na kando ya chaki nahariri video za harusi. Baba mkwe wangu alipofariki kule Kitahana, mke wangu aliniomba kitu kimoja tu. Sauti ya baba yake ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, kwenye video ya harusi yetu, ambayo mimi mhariri wa harusi za watu sikuwahi kuimaliza. Mzee alisimama mle kunikabidhi binti yake. Mke wangu alitaka ndugu wote wamsikie siku ya kumaliza matanga, kabla hawajatawanyika. Nikamwambia hilo dogo. Kadi ya zamani ya kompyuta, ile inayotoa picha kwenye kioo, ilikuwa inasuasua, basi nikaenda Kasulu nikanunua mpya, yenye nguvu.

Siku ya kwanza kompyuta ilizimika nikiwa nusu ya kazi. Nikaiwasha, ikaenda dakika ishirini, ikazima. Kesho yake ilivumilia saa nzima, nikaanza kuisifu, ikazima. Nikaishusha sakafuni, nikaifungua, nikachomoa kadi na kuichomeka upya, nikafuta programu yake na kuiweka tena, nikabadilisha soketi, nikaazima stabilaiza ya jirani. Pale sakafuni ilifanya kazi kama haijawahi kuumwa. Nikiirudisha mezani, haichukui muda, kioo cheusi.

"Inahema moto, mwalimu," mke wangu aliniambia. "Hebu iguse."

Nikamjibu akaguse sufuria zake. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta amekiondoa kitambaa cha kuifunikia. Nyumba zetu hizi, kitu cha maana hakikai uchi. Redio, televisheni, viti, vyote vina vitambaa vya kufuma, na cha kompyuta alikifuma yeye mwaka tuliooana. Nikamfokea kwamba vumbi jekundu la Kibondo litaniulia mashine. Nikakirudisha kwa mkono wangu, nikakikunja mara mbili, nikakivuta mpaka nyuma. Kilikaa pale miaka minne na kadi ya zamani bila tatizo, sasa yeye ananifundisha nini?

Alhamisi nilikwenda Kasulu na kadi mfukoni. Kumaliza matanga kulikuwa Jumamosi. Mwenye duka ni mtu mzima, asili yake Tanga, na duka lilikuwa limejaa wateja. Nilifurahi kuwakuta.

"Umeniuzia kadi mbovu," nikasema. "Ninyi watu wa pwani maneno yenu asali, bidhaa zenu uchafu."

Alivua miwani. "Umemaliza, mwalimu?"

Akaichomeka kadi kwenye kompyuta yake ya kaunta, akaiwekea video, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi video ilikuwa bado inaenda. Nikasema amefanya ujanja. Wateja wawili wakaondoka bila kununua, nami nikaona nimeshinda.

"Kesho Ijumaa sitoki," akasema. "Jumamosi nitakuja kwako. Nikikuta kadi ndiyo mbaya, utachukua nyingine. Nikikuta siyo, utarudi hapa useme, kwa sauti hiyohiyo."

Jumamosi asubuhi mke wangu aliondoka kwenda Kitahana peke yake. Nilimwahidi nitamfuata na video.

Mwenye duka alifika saa nne. Aliirudisha kadi mahali pake, nami nikaifunika mashine kama kawaida na kuanza kazi ili ajionee. Haikumaliza nusu saa, ikazima. Nikamtazama kwa raha. Yeye akakiinua kitambaa kwa vidole viwili, akaweka kiganja nyuma ya mashine, akakiondoa haraka.

"Ile ya zamani ilikuwa ya baridi, ikastahimili blanketi," akasema. "Hii inataka hewa. Siku zote nani huifunika?"

"Mimi," nikasema.

Aliondoka bila kugusa maji niliyomwekea. Niliiacha mashine wazi, nikafanya kazi, na haikuzima tena. Video ilikamilika jioni, wakati watu wa Kitahana wameshakula, wameshaagana, wameshashika njia. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumpigia mke wangu simu.

Mke wangu alirudi Jumapili. Alikikuta kitambaa kitini, akakitazama, akakaa. Nikamwashia. Baba yake akasimama mle ndani na koti lake kubwa, akazungumza Kiswahili chake cha taratibu, ili watu wangu wa Morogoro waelewe.

"Mkwe wangu, huyu mtoto hasemi sana. Akisema, msikilize."

"Rudisha hapo," mke wangu akasema.

Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena, mara nne, na hata mara moja hakugeuka kunitazama.

Jumatatu nilisimama katika duka lile la Kasulu, nikasema mbele ya watu kwamba kosa ni langu, kwa sauti ileile. Mwenye duka alinipa mkono kabla sijamaliza. Mke wangu bado.