Bi Viti na Gari Lililoinua Pua

Wengine huachiwa nyumba, wengine shamba, wengine kesi. Bi Viti aliachiwa gari la buluu, tela moja na viti vya plastiki vya kutosha kukalisha harusi mbili zisizopatana. Mumewe alikuwa mkodishaji wa viti na mahema. Alipofariki, mjane alishika usukani hata kabla viti vya msibani havijarudishwa. Navyo, ikumbukwe, vilikuwa vya kwake.

Aliendesha kama alivyofundishwa na marehemu na kupakia kama marehemu: viti upande wa mbele wa tela, vyuma vya hema nyuma kabisa. Gari likasimama sawasawa, kama askari kwenye gwaride. Njiani tela lilitikisa mkia kushoto na kulia, jambo ambalo familia ililipokea kama tabia. "Limefurahi," marehemu alizoea kusema, na hakuna aliyeuliza tela linafurahia nini mteremkoni.

Kisha Bi Viti akanunua jenereta, kwa kuwa wateja walitaka taa na muziki, naye hakuwahi kumwambia mteja hapana. Safari ya kwanza tu, mteremkoni, furaha ya tela ilizidi kiasi: liliburuta nyuma ya gari hadi upande wa pili wa barabara. Alifika mzima, ila vidole vilikataa kuachia usukani.

"Liuze hili kuukuu," watu wakamshauri. Lakini kiti cha dereva kilikuwa bado na bonde la mgongo wa mumewe. Bi Viti aliegemeza mto hapo ili afikie pedali, kulijaza hakutaka. Kuliacha gari kulikuwa jambo moja, kufa ndani yake jingine, na alitaka kukwepa yote mawili.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na dawa. "Kuna kiungo cha kuvutia tela, shemeji, kinameza uzito wote!"

Wakaenda kwa fundi wa viungo hivyo. Kabla ya kufunga tela, fundi alipima kwa fimbo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele, akatia alama kwenye fimbo. Akawaamuru wapakie upya, vizito vikae mbele ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya tela, kwa kuwa uzito ukikaa nyuma ndio hulitikisa mkia. Tela lilipofungwa, gari likakaa kitako, pua juu.

"Oo, usukani mwepesi sasa!" shemeji alishangilia.

"Mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele yanajiandaa kwenda likizo," fundi alisema.

Akafunga kiungo chenye fito mbili za chuma zilizopita chini ya shingo ya tela, akazikaza kwa minyororo. Pua ikashuka polepole hadi karibu na alama ya fimbo.

"Si nilisema? Ongeza na jukwaa!" shemeji alisema.

Fundi akafungua mlango wa dereva, akagusa bamba dogo la viwango pembeni. "Kiungo kinagawa mzigo, mzee, hakiuli. Gari hili limeruhusiwa kuvuta tani moja na nusu. Tela mmelipima?"

Hawakuwa wamelipima. Mizani ya magari kwenye machimbo ya kokoto ilisema tani moja na robo tatu.

"Basi, gari liuzwe," shemeji alisema, safari hii kwa upole.

Bi Viti alilizunguka gari. Halafu akauliza, "Jenereta likishuka?"

"Mnabaki ndani ya kiwango," fundi alijibu.

"Litashuka. Shemeji, pikapu yako hubeba nini siku za harusi?"

"Inanibeba mimi!"

"Ndiyo maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Utabeba jenereta."

"Shemeji, na springi zangu je?"

"Tutamwita fundi apime kwa fimbo."

Wiki hiyo mteja aliomba jukwaa, na kwa mara ya kwanza Bi Viti alisema hapana. Mteja hakufa. Jumamosi wakateremka ule mteremko, tela likimfuata kimya, pikapu nyuma ikilalamika. Usukani ulikuwa mzito mikononi mwake, kama mkono wa mtu anayesikiliza.

Walipofika, shemeji alishuka akijipangusa jasho. "Tela lako limenuna, shemeji."

"Limetulia. Kaka yako angelipenda hivi." Akafikiri kidogo. "Angebisha kwanza, halafu angelipenda."