Matroni Aliyempokea Mnyonya Damu Bwenini

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Matroni wa bweni la wasichana anahesabu mashuka machafu mlangoni. Amefika shuka la thelathini na saba simu inapoita. Ni mume wa mdogo wake.

"Shemeji, mwenzangu hajaamka," anasema, kisha sauti inamkatika.

Hesabu ya mashuka siku hiyo haikumalizika.

Aliyeondoka alikuwa mdogo wake wa pekee, mkutubi wa shule hiyohiyo ya bweni, ambaye wasichana walimwita Anti Maktaba. Moyo ulisimama usingizini, akiwa na miaka thelathini na nne. Kwenye droo ya meza yake aliacha madaftari kumi na tisa ya riwaya.

Ni riwaya ya binti mnyonya damu mwenye umri wa miaka mia mbili na sura ya miaka kumi na sita, aliyechoka kukaa mapangoni na sasa anataka kusoma kama wenzake. Kila Jumamosi mchana Anti Maktaba aliwasomea wasichana sura moja. Sharti la hadithi lilikuwa hili: mnyonya damu haingii nyumba yoyote mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa mdomo wake mwenyewe.

Daftari la mwisho linaishia kwenye sharti hilohilo. Binti amesimama mlangoni mwa bweni na sanduku lake la bati. "Matroni alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akafungua mdomo," aliandika mkutubi. Basi.

"Nikipita koridoni wananidaka," anasema matroni, mwanamke wa miaka hamsini na moja. "'Matroni, ulisema nini?' Nawaambia mimi siye yule wa kitabuni. Wananicheka. Eti mwenye funguo kiunoni na anayekagua kucha kabla hajaitikia salamu ni nani kama si wewe?"

Kidato cha nne walikuwa wamebakiza muhula mmoja. Walikuwa wameahidiwa kuusikia mwisho kabla hawajaondoka, na aliyeahidi hayupo. Matroni, ambaye maishani mwake hakuwahi kuandika zaidi ya ripoti ya zamu, akanunua daftari.

Miezi miwili aliandika mbalamwezi, ukungu na popo, kama alivyokumbuka uandishi wa mdogo wake. Akampa kiranja wa bweni asome.

"Matroni, usinikasirikie," kiranja alimwambia. "Huyu matroni anaongea kama mgeni rasmi. Wewe ungeshamdai barua ya mzazi zamani."

Alikwenda stoo ya mashuka, akajifungia, akalia. "Niliona kama namzika mara ya pili," anasema.

Ijumaa moja alisahau daftari la riwaya nyumbani. Akaandika kwenye lile lililokuwa mkononi, la zamu, na kalamu ikashika njia iliyoizoea:

"Saa 11:40 jioni. Amefika mgeni mmoja, msichana. Mvua hakuna, mwavuli anao. Barua ya mzazi hana. Anadai mzazi alifariki miaka mia moja na themanini iliyopita. Kucha: ndefu. Meno: apelekwe kwa daktari."

Daftari likaenda ofisini kama kila Ijumaa. Mwalimu mkuu, kama kila Ijumaa, akatia sahihi na muhuri bila kusoma. Jumatatu katibu wake alikutwa analisoma huku anajifuta machozi ya kicheko, na matroni akaitwa.

"Matroni, mimi nimeidhinisha mnyonya damu?"

"Nisamehe, mwalimu. Naichana hiyo karatasi sasa hivi."

"Uichane na muhuri nimeshagonga? Kaa hapo. Huyo matroni akasemaje?"

Akakaa. Na hapo, anasema, jibu likaja lenyewe. Mama yao alipofariki, mdogo wake alikuwa na miaka kumi. Aliletwa kwenye chumba cha matroni, hapohapo shuleni, akasimama mlangoni na sanduku, hataki kuingia.

"Nilimwambia, 'Ingia, mwanangu. Viatu acha nje.' Mpaka leo nawaambia hivyohivyo wote wanaoripoti. Yeye alijua nitasema nini. Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Sura saba zilizobaki akaziandika kwa mtindo wa ripoti. Jumamosi ya mwisho kabla ya mitihani akazisoma mwenyewe ukumbini. Alipofika pale mlangoni pa bweni alivuta pumzi, na wasichana mia mbili na arobaini wakamtangulia kwa sauti moja:

"Ingia, mwanangu! Viatu acha nje!"

Walimu walipiga meza. Matroni alicheka mpaka funguo zikalia kiunoni.

Kitabu kimechapishwa nakala mia tano, jina la mdogo mtu juu, lake chini. Mchapishaji ameomba cha pili, na matroni ameshaanza. "Binti ameshaingia," anasema. "Sasa lazima afaulu hisabati."

Madaftari ya zamu siku hizi ni mawili. La bluu ni la bweni, jekundu ni la mnyonya damu. Yote mawili hupelekwa ofisini kila Ijumaa, na mwalimu mkuu huanza na jekundu.