Punje Ambayo Sikuiuma

"Huko kwenye hadithi yako, mvua ikianza, nani anakimbia kuanua mahindi?" Mama aliniuliza hivyo. Hadithi yangu ilitokea katika jiji la Ulaya ambalo sikuwahi kulikanyaga.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nilitaka kwenda Nairobi kuandika. Mama alisema nitaenda mahindi yakikauka. Basi kila asubuhi nilitandaza turubai uani kwetu Kimumu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na daftari langu, nikifukuza kuku. Jioni mama aliuma punje moja, akatikisa kichwa.

"Bado."

"Na jua lote hili, Mama?"

"Kwani digrii yako ni ya mahindi?"

Siku hizo nilihoji kila kitu, kuanzia mahubiri ya Jumapili hadi ndoa. Hiyo "bado" sikuihoji. Niliandika kuhusu theluji huku makapi ya mahindi yakiniwasha shingoni, na hakuna sentensi hata moja niliyoiamini. Mwishowe nilirarua kurasa zote, nikaanza upya na ua lile, turubai, na mwanamke anayeuma punje huku binti yake akisubiri kuondoka.

Niliondoka hatimaye. Miaka sita baadaye shangazi aliisoma hadithi hiyo, akacheka hadi akafuta machozi. Ndipo aliponiambia kwamba mahindi yale yalikuwa yamekauka wiki tatu kabla mama hajaniruhusu kwenda.